Mlima, Jembe na Maji: Habari za Kilimo na Mwitu wa Uluguru

Katika Maandiko mwaka wa jubilei si mwaka wa watu peke yao, ni mwaka wa ardhi pia. Katika mwaka huo ardhi iliamriwa ipumzike, na mashamba yarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa, kati ya habari za makanisa, shule na watu waliotutangulia, iwekwe habari moja ya ardhi yenyewe: jinsi watu wa Uluguru walivyolima, jinsi walivyoamriwa kulima, na jinsi mwitu na shamba vilivyotengana na sasa vinavyotafuta kupatana tena. Habari hii ina machozi ndani yake, hata damu ya mtu. Tusiisome kwa haraka.

I. Mlima na maji yake

Sisi tukaao Kihonda, asubuhi mawingu yasipokuwa yameshuka, tukielekeza uso kusini twauona mlima wote umesimama mbele yetu. Lupanga uko juu ya mji, urefu wake mita 2,138 juu ya bahari. Na nyuma yake safu yaendelea mpaka Kimhandu, kilele kipitacho mita 2,600. Upande wa mashariki, unaoelekea bahari, hupata mvua nyingi mno, maana pepo huja kutoka baharini zimebeba unyevu, nazo zikiugonga mlima huumwaga. Upande wa magharibi, kama Mlali na Mgeta, hupata mvua chache kuliko ule.

Mwitu ulio juu hufanya kazi ambayo mikono ya watu haiwezi kuifanya. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu hupiga kama nyundo, hutawanya udongo na kuuchukua. Lakini likianguka juu ya mwitu, hupokewa kwanza na majani ya miti mirefu, kisha na miti mifupi, kisha na majani makavu yaliyolala chini. Hata likifika ardhini nguvu zake zimekwisha, nalo huzama polepole. Maji hayo hutoka tena chini ya mlima katika chemchemi, hata miezi ya kiangazi. Ndiyo maana mito yetu haikauki siku mvua inapokatika.

Mto Ruvu watoka katika milima hii; Mgeta na Ngerengere ni mikono yake. Jiji la Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mji wetu wa Morogoro nao wategemea hasa bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 juu ya mto Ngerengere. Basi mkulima akatapo mti huko Mlali, na mama afunguaye bomba huku uwandani, wameunganishwa kwa kamba moja, ijapokuwa hawajuani.

Tena katika mwitu huo mna viumbe wasiopatikana mahali pengine po pote duniani. Mtaalamu Arthur Loveridge alipita huko mwaka 1926, na ndege mmoja aliyempata aliandikwa na wataalamu mwaka 1927 kwa jina la Malaconotus alius. Mpaka leo hajulikani kuishi mlima mwingine wo wote. Mwitu wa Uluguru ukiisha, ndege huyu hana pa kuhamia.

II. Shamba la wazee

Waluguru ni watu wa mlima, na jina lao lasema hivyo. Ardhi yao ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mkuu wa ukoo, aitwaye mndewa, ndiye aliyegawa mashamba. Mtu asiye wa ukoo aliweza kupewa mahali pa kulima, naye alitoa ngoto, yaani zawadi ya kukiri kwamba ardhi si yake. Neno hili tulishike moyoni, maana litatufaa mbele: mtu aliyeazimwa shamba hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mti ukikua husema, "Mwenye kunipanda ndiye mwenyewe." Kwa hiyo mwazimwaji alipanda mahindi, maharagwe na mihogo, lakini mti aliuogopa.

Wazee hawakuwa wajinga wa kilimo. Shamba lililochoka lililazwa miaka kadhaa mpaka vichaka viote tena na udongo upate nguvu. Penye miteremko mikali, watu wa sehemu fulani walikata ngazi nyembamba, wakifukia magugu ndani yake ili yaoze na kuwa mbolea. Ngazi hizi hazikuwa kubwa wala hazikudumu miaka mingi, lakini zilikuwa nyepesi kuzitengeneza, nazo hazikuufukua udongo wa chini usio na rutuba. Penye chemchemi na penye makaburi ya wakuu paliachwa miti isiyokatwa. Hivyo shamba na mwitu vilikuwa vimechanganyika: hapa shamba, hapa kichaka kinachopumzika, hapa miti ya mizimu, hapa migomba.

Lakini utaratibu huu ulihitaji nafasi. Watu walipoongezeka, miaka ya kulaza shamba ilipunguzwa, kutoka mingi ikawa michache, na mwisho pengine haikuwapo kabisa.

III. Mpaka wa mwaka 1909

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907. Pamoja nayo yalikuja mashamba makubwa ya mkonge katika uwanda, na uwanda huu wa Kihonda na Tungi nao ukawa nchi ya mkonge, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Kule mlimani Serikali ya Kijerumani iliona ya kuwa mwitu ukikatwa mito itaharibika, na mwaka 1909 iliweka misitu ya hifadhi, ya Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini.

Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, wala hatuna budi kuikiri. Bila mpaka ule pengine tusingekuwa na mwitu leo. Walakini mpaka ulizaa fikira moja iliyotudhuru: ya kwamba miti ni ya Serikali nayo kazi yake ni juu ya mstari, na jembe ni la mkulima nalo kazi yake ni chini ya mstari. Tangu hapo mtu alipotaka kuhifadhi alitazama juu, na alipotaka kula alitazama chini. Shamba lenyewe halikuhesabiwa kuwa mahali pa miti, wala pa ndege, wala pa chemchemi. Tena ardhi iliyobaki chini ya mpaka ilikuwa ile ile, na watu walizidi.

Wakati huo misheni nazo zilikuwa zimeingia mlimani. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walipanda mpaka Matombo na Mgeta, na penye misheni palikuwa na bustani. Huko Mgeta, kwenye baridi, mboga za Kizungu zilistawi, na wenyeji wakazipokea upesi, kwa kuwa zilipata bei katika soko la Morogoro na hata Dar es Salaam. Mboga zataka maji na samadi; kwa hiyo watu wa Mgeta walikata ngazi pana zaidi, wakachimba mifereji, wakatia mbolea. Hakuna aliyewashurutisha.

IV. Miaka ya matuta

Sasa twafika mahali pagumu. Baada ya Vita Kuu ya pili, Serikali ya Kiingereza iliona udongo wa Uluguru ukishuka mitoni, ikaogopa. Kuanzia mwaka 1950 iliweka mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kila mlipa kodi aliamriwa kuchimba matuta mapana kwa kipimo kilichowekwa. Kuchoma mashamba kulikatazwa. Asiyetii alishtakiwa barazani akatozwa faini.

Nia haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa ukipotea kweli. Lakini njia ilikuwa na makosa, na kila kosa lafaa lichunguzwe peke yake.

La kwanza, udongo wa mlima ni mwembamba. Ukichimba tuta pana kwenye mteremko mkali, huna budi kufukua udongo wa chini, mwekundu, usio na chakula cha mmea, na kuutandaza juu. Palipo na samadi na maji, kama Mgeta, tuta hupona baada ya muda. Lakini upande wa mashariki, watu wasio na ng'ombe wala samadi, wakitegemea mvua tu, walipanda mahindi juu ya matuta mapya wakaona yanadumaa. Walitoa jasho jingi, wakapata chakula kidogo kuliko kwanza. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu faida ya baadaye?

La pili, kazi yenyewe ilikuwa nzito, na mzigo wake uliwaangukia watu waliokuwa na mashamba yao ya kulima kwa msimu ule ule. Mvua haimngoji mtu amalize matuta.

La tatu, na hili lilikuwa chungu kuliko yote, ni habari ya ardhi. Tulisema kwamba mti husema nani mwenye shamba. Tuta pana nalo husema vivyo hivyo. Aliyeazimwa shamba akichimba tuta la kudumu, ukoo wenye ardhi huuliza, "Kwa nini anajenga kwetu?" Na mwenye ardhi akiona Serikali yapima na kuamuru juu ya shamba la ukoo, huuliza, "Je, kesho itasema ni lake nani?" Maswali haya hayakujibiwa, maana walioandika mpango hawakuyauliza.

La nne, amri ilipitishwa kwa machifu. Wakuu waliotakiwa kuwa baba wa watu wakawa wanyapara wa matuta, na heshima yao ikaharibika.

Malalamiko yalizidi mwaka hata mwaka. Chama cha TANU kilikuwa kimeundwa Julai 1954, na wako waliosema kwamba fujo yote ilikuwa ya siasa tu. Siasa ilikuwamo, hatukatai. Lakini siasa haioti penye watu walioshiba na kuridhika. Mwezi Julai 1955 umati wa watu ulikusanyika Matombo, mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo shuruti ya matuta iliachwa. Baadaye Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, kilichotolewa mwaka 1960, na habari za matuta zimo.

Matokeo yake hayakwisha mwaka 1955. Kwa muda mrefu neno "matuta" lilikuwa neno baya mlimani. Mwalimu wa kilimo akilitaja, wazee walinyamaza na kutazamana. Hivyo haraka ya miaka mitano iliharibu jina la kazi njema kwa muda wa kizazi kizima. Twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Safari hiyo mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

V. Mvua ya Februari 1970

Lakini kukomesha amri si kuuponya udongo. Watu waliposhinda, mlima haukushinda. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa chache, na miteremko ikashuka katika mamia ya mahali kwa siku moja. Mashamba yalichukuliwa, mito ikajaa tope. Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp walikwenda kuhesabu maporomoko hayo, wakaona jambo lililo wazi: karibu yote yalitokea katika mashamba na mahali palipobaki majani matupu, ndani ya mwitu yalikuwa machache mno.

Hapo yafaa tuelewe vema. Ngazi na matuta huzuia maji yatembeayo juu ya udongo, lakini udongo ukilowa mpaka ndani, hakuna kinachoushika ila mizizi mirefu. Kwa hiyo hata mkulima mwenye ngazi nzuri ahitaji miti ndani ya shamba lake. Shamba lisilo na mti juu ya mteremko ni kama nyumba isiyo na nguzo: husimama mpaka siku ya dhoruba.

Na miti ilikuwa ikipungua. Tangu mwaka 1955 mpaka karibu na mwaka 2000, mwitu wa Uluguru ulipungua kutoka kilomita za mraba 300 hivi mpaka 230 hivi. Hasa sehemu ya Bunduki, iliyokuwa kama daraja kati ya mwitu wa kaskazini na wa kusini, ilikatwa ikawa mashamba, na viumbe wa upande mmoja hawakuweza tena kufika upande wa pili.

VI. Kazi mpya

Mwisho wa karne iliyopita watu walianza kushika njia nyingine: si kumwamuru mkulima, bali kuuliza shamba lake linahitaji nini. Huko Mgeta, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe walienezwa. Yaonekana ni habari ya maziwa tu, lakini tazama yanayofuata. Mbuzi hufungwa bandani, kwa hiyo hahitaji mwitu. Mbuzi ataka majani, kwa hiyo mkulima hupanda majani kwenye kingo za ngazi, na mizizi yake hushika udongo. Mbuzi hutoa samadi, na samadi huurudishia udongo nguvu. Kile kilichokosekana mwaka 1950 upande wa mashariki, yaani mbolea, hapa kilikuja kwa miguu minne.

Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi moja ya Mazingira Asilia, zaidi ya hekta 24,000. Wakati huo huo mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo jipya katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye vijito vya Ruvu. Walisema hivi: ikiwa watu wa chini hunufaika kwa maji safi, ni haki wamlipe kitu yule wa juu ayatunzaye. DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam mpaka mwaka 2018, lilikubali kushiriki. Wakulima walichimba makinga maji, walipanda miti na majani, wakapata malipo kwa eneo walilotengeneza. Matuta yakarudi mlimani! Lakini safari hii mtu alichagua mwenyewe, alifundishwa mahali panapofaa na pasipofaa, na jasho lake lilihesabiwa. Mzee aliyekumbuka mwaka 1955 aliweza kuona tofauti bila kuambiwa.

Mwaka 2011 Janet Maro na Alexander Wostry walianzisha hapa Morogoro shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, liitwalo SAT. Vijiji vya mlimani juu ya mji, na kituo chao cha mafunzo Vianzi, vimekuwa darasa la wengi. Mafundisho yao si ya ajabu: tengeneza mboji, tandaza majani makavu ili jua lisichome udongo, changanya mikunde na nafaka, panda kufuata kontua, usichome mabaki ya shamba, acha miti ikae ndani ya mazao. Tena wamewakutanisha wakulima na wafugaji, ambao kwa miaka mingi wamegombana katika wilaya zetu: mkulima ana mabua, mfugaji ana samadi, na kila mmoja atupa alichokosa mwenzake.

Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mashamba yaonyesha jambo hilo hilo kwa uzuri zaidi. Chini ya mifenesi na migomba mna mdalasini, pilipili manga na iliki. Mtu apitaye mbali adhani aona mwitu. Akikaribia aona riziki ya mtu. Huko mti si adui wa jembe, maana mti wenyewe ndio zao.

Hatusemi kazi imekwisha. Mradi una mwisho, lakini shamba halina mwisho. Na yaliyotengenezwa kwa fedha za mradi hudumu tu pale mkulima aonapo faida yake msimu hata msimu. Na swali la mwazimwaji lingali lipo: nani atapanda mti kwenye ardhi asiyokuwa na hakika nayo? Palipo na maafikiano ya ukoo na ya kijiji, yaliyosemwa mbele ya mashahidi, miti hupandwa. Pasipo na maafikiano, miche hukauka katika vifuko vyake.

VII. Neno kwa sisi wa uwandani

Imekuwa desturi yetu sisi wa Kihonda kuutazama mlima na kusema, "Wale wa juu wanaharibu." Tujitazame kwanza wenyewe. Mahali palipokuwa na mkonge na mashamba sasa pamejaa nyumba, na kingo za Ngerengere zimelimwa mpaka ukingoni mwa maji. Mkaa tupikao, mbao tujengazo, maharagwe na kabeji tununuazo kwa bei ya chini, vyote vyatoka katika mteremko wa mtu. Tope lijazalo bwawa la Mindu halikushuka kwa sababu ya uvivu wa mkulima peke yake. Limeshuka pia kwa sababu sisi tulitaka vingi na kulipa kidogo.

Kwa hiyo tungependa walimu wetu na halmashauri za parokia wayafikiri mambo matatu. Kwanza, kila shule na kila parokia yenye shamba iwe na sehemu ya mfano: mboji, matandazo, na miti ndani ya mazao, kama mkangazi, mparachichi na mwembe, ili watoto waone kwa macho wala wasisikie kwa masikio tu. Pili, kingo za mito na chemchemi zilizo katika ardhi yetu ziachwe ziote, na sisi tuwe wa kwanza kuziacha kabla ya kuwahimiza wengine. Tatu, watoto wafundishwe habari za mwaka 1955 bila kuficha upande wo wote: kwamba Serikali ilisema kweli juu ya udongo, na watu walisema kweli juu ya njia. Mtu mmoja alikufa kwa sababu kweli hizi mbili hazikukutana mapema.

Jubilei hii itakapopita, tutakunja mapambo na kurudi mashambani na kazini. Mvua za masika zitakuja kama kawaida. Tutajua thamani ya maneno haya tutakapotoka nje asubuhi baada ya mvua kubwa, tukatazama rangi ya maji ya Ngerengere.